Jinsi ya Kurudi Shadaloo kwa Barabara ya Garissa

Tafuta chumba cha mabati kabla hujaitafuta filamu yenyewe. Kiwe kidogo kuliko watu unaokusudia kuwaalika, kiwe na dirisha moja tu, na kiwe kimepigwa jua tangu asubuhi, ili saa kumi jioni anayeegemea ukuta aruke. Garissa joto halitafutwi. Februari na Machi hupita digrii 36 bila kubembelezwa. Ondoa viti. Tandika mikeka mbele kwa ajili ya watoto, weka mabenchi mawili nyuma kwa ajili ya watu wazima, na katikati uache njia nyembamba ya mwuza chai. Jenereta ikae nje karibu na mlango, iungurume, na sauti ya filamu ipande juu ya muungurumo wake. Runinga kubwa ya sebuleni iache huko huko sebuleni. Azima ya inchi 21, ile yenye kisogo. Uso wa stelingi ukiwa mdogo, watu husogeleana ili waone, na kusogeleana huko ndiko nusu ya filamu.

Usinione nimezidisha. Filamu ninayoisema ni Street Fighter ya mwaka 1994, ile ambayo Jean-Claude Van Damme ni Kanali Guile, na mimi nimeshajaribu kuitazama kwa starehe. Nilikuwa Nairobi, usiku, peke yangu, kochi laini, feni inazunguka. Kufika dakika ya ishirini nilikuwa nimeshika simu nasoma habari za bei ya unga. Ndiyo filamu ile ile iliyonitoa mbio dugsi nikiwa na miaka tisa, ubao wa Kurani bado uko kwapani. Nilizima, nikalala na huzuni kama ya mtu aliyepita mbele ya nyumba ya rafiki akakuta wamehama. Ilinichukua muda kuelewa kwamba filamu haikuwa na kosa. Nilikuwa nimeitoa kwao na kuipeleka ugenini bila ndugu zake.

Sisi tuliijua mwishoni mwa 1997, mwaka wa Elinino. Mto Tana ulifurika, ukaifunika barabara ya Nairobi, na mji ukawa kisiwa. Kanda mpya za vidio zilikuwa zikija na basi kutoka Eastleigh. Basi lisipofika, kibanda cha vidio hakina la kufanya. Mwenye kibanda chetu, tuliyemwita abti ingawa hakuwa mjomba wa yeyote kati yetu, alibaki na kanda tatu zilizokuwa bado zinacheza: moja ya Kihindi iliyokatika mwishoni, moja ya mabao ya Kombe la Dunia la 1994, na Street Fighter. Mbu walikuwa wengi, homa ya Bonde la Ufa ikaingia kwenye mifugo na kwa watu, soko la ng'ombe likanyamaza. Wakubwa walikuwa na mengi ya kuwaza. Sisi tulitoa shilingi tano, tukaketi mkekani, tukaitazama filamu hiyo hiyo wiki baada ya wiki mpaka tukajua ni wapi Van Damme atavuta pumzi.

Kwa hiyo toza kiingilio. Iwe shilingi tano ile ile, usiipandishe kwa kisingizio cha gharama ya maisha. Mtu aliyelipa, hata kama amelipa kidogo, ana haki ya kupiga kelele, na filamu hii inaishi kwa kelele. Asiye na shilingi tano achote maji ya chai. Abti hakumfukuza mtoto hata mmoja kwa kukosa pesa, alimpa ndoo.

Kuhusu wageni, hapa usilegee. Angalau nusu yao wawe walikuwepo mara ya kwanza. Wapigie simu wote, hata uliokosana nao. Kila mmoja wetu alikuwa amepewa jina kutoka kwenye filamu, na majina mengine yamegoma kutoka mpaka leo. Zangief alikuwa na mabega mapana kuliko sote. Sasa anaendesha lori la chakula cha misaada. Blanka ni mwalimu wa sekondari. Chun-Li alikuwa msichana pekee aliyeruhusiwa kuingia, kwa sababu mama yake ndiye aliyepika chai ya kibandani; leo ni muuguzi. Mimi nilikuwa Ken. Ryu wetu alikuwa mtoto wa wakimbizi, familia yake ikapelekwa Marekani, na siku hizi yuko Minneapolis ambako huvaa koti miezi sita kwa mwaka. Ryu kama huyo mweke kwenye simu, simu uiegemeze kwenye kopo la sukari ielekee runinga, na mtu mmoja apewe kazi ya kuangalia chaji.

Mazungumzo ya mwaliko yawe mafupi. Yangu na Zangief yalikwenda hivi:

"Waria, uko wapi?"

"Modika hapa, walaal. Nina mzigo wa Hagadera."

"Jumamosi tunatazama Street Fighter."

Nikasikia injini peke yake kwa muda.

"Ya abti?"

"Ya abti."

"Basi mzigo utashuka Ijumaa. Niwekee mahali pangu ukutani, na asikalie mtu."

Sasa chagua mtafsiri. Maandishi ya chini ya picha usiyaruhusu, maana maandishi kila mtu husoma kimya kivyake, na wengine mkekani bado hawajajua kusoma. Afrika Mashariki kazi hii ina mabingwa wake. Tanzania, Lufufu alizitia filamu za ng'ambo Kiswahili mpaka watu wakawa wanaifuata sauti yake kuliko stelingi mwenyewe. Kenya tunaye DJ Afro. Uganda ma-VJ wanaigeuza filamu nzima kwa Kiganda wakaongezea na mawaidha. Kwetu alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeingia bure na kupewa vikombe viwili vya chai. Alisimama kando ya runinga na kijiti cha kuonyeshea. Aligeuza kwa Kisomali au Kiswahili kulingana na aliyeuliza, na palipomshinda alitunga. Kwa maelezo yake, Jenerali Bison aliwahi kupora ngamia mia mbili huko Afmadow. Sentensi hiyo haimo katika filamu, lakini tangu siku ile tulimchukia Bison kwa sababu tuliyoielewa.

Sheria ya mtafsiri aliiweka abti, nayo ni moja: kuongeza ruksa, kupunguza marufuku. Likisemwa neno kwenye runinga, lazima lifike mkekani. Safari hii mtafsiri nilikuwa mimi.

Kabla ya kuwasha, waeleze watoto habari ya nchi wanayokwenda. Inaitwa Shadaloo. Huipati kwenye ramani; picha zilipigwa Thailand na Australia. Ina vita, ina wakimbizi, ina mwandishi wa habari anayesema na kamera huku nyuma yake malori yanapita, na ina askari wa kofia za buluu wa jeshi la mataifa. Mbabe wa vita, Bison, amewateka wafanyakazi 63 wa misaada na anadai dola bilioni 20 ndani ya siku tatu. Aliyeiandika na kuiongoza ni Steven E. de Souza, mmoja wa walioandika Die Hard, na waliokuwa wakiipenda gemu iliyozaa filamu hii walimshangaa. Gemu ni watu wawili wanaopigana mpaka mmoja aanguke. Siasa zote hizi za nini?

Garissa hakushangaa mtu. Barabara iliyopita mbele ya kibanda cha abti ndiyo iliyokuwa ikienda Dadaab, karibu kilomita 100 mbele. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa 1991 na 1992 kwa kukadiria watu 90,000 waliokimbia vita vya Somalia, na tangu hapo magari meupe yenye herufi za buluu yalipita kila siku na kutuachia vumbi. Sinema za Kihindi zilikuwa na milima ya theluji. Za Kichina zilikuwa na mahekalu. Hii ilikuwa na lori la unga. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuona kwenye kioo kitu kilichofanana na dirisha letu, na ndani yake Van Damme! Mateka nao usiwaambie watoto wa huku kwamba ni hadithi ya kutunga tu: Oktoba 2011 wafanyakazi wawili wa misaada walitekwa Dadaab, hawakurudi mpaka Julai 2013. Zangief anayajua hayo kwa sababu tangu hapo amezoea kusubiri msafara wa polisi ndipo aondoke na mzigo.

Ikifika hotuba ya Guile, zima mazungumzo mengine yote. Wakubwa wa jeshi la mataifa wameamua kulipa fidia, na wamewaambia askari mambo yamekwisha, rudini nyumbani. Guile anawaambia anayetaka kurudi arudi, yeye anapanda boti kumfuata Bison huko juu mtoni. Askari wanalipuka kwa shangwe na kumfuata. Filamu ilitoka Desemba 1994. Machi 1995, askari wa Umoja wa Mataifa waliokuwa Somalia, wa kofia za buluu hasa, walipanda meli wakaondoka Mogadishu, na hakuna kanali aliyesimama juu ya kitu kutoa hotuba. Pale mkekani tulikuwa tumechanganyika, wengine wa Garissa, wengine wa Kismayu na Buale, Somalia. Kila hotuba ile ilipofika, watoto wa Kismayu walipiga makofi kutuzidi. Mimi nilidhani wanampenda Van Damme kuliko sisi.

Pesa za Bison pia zipe nafasi. Mbabe huyu amechapisha noti zenye sura yake, na anaeleza kwamba kila moja itakuwa na thamani ya pauni tano za Uingereza mara atakapomteka Malkia. Kwingine watu hucheka hapa. Mama mwuza chai hakucheka. Serikali ya Somalia ilianguka 1991 na Benki Kuu yake ikaanguka nayo, na miaka iliyofuata wababe wa vita na wafanyabiashara waliagiza noti za shilingi ya Somalia kutoka kwa wachapaji wa ng'ambo, shehena kwa shehena, mpaka mtu anabeba gunia la noti anarudi na mfuko wa sukari. Ng'ombe wa bonde la Juba waliletwa kwa miguu mpaka soko la Garissa, kwa kuwa huku kulikuwa na shilingi inayoaminika. Basi mwishoni mwa filamu, Sagat na Dee Jay, waliokuwa wakishirikiana na Bison, wanapolifungua sanduku walilotoroka nalo na kukuta limejaa noti za Bison, mama yule alisema kwa sauti ya chumba kizima: "Wangechukua ng'ombe." Neno hili ni sehemu ya filamu sasa. Mwandae mtu mzima mmoja alirudie kwa wakati wake. Kwetu alilirudia binti yake, na sauti ilikuwa ile ile.

Atakuwepo kijana mmoja atakayesema kwamba filamu haifanani na gemu. Mpe chai kwanza. Kisha mweleze kwamba Capcom walitoa Street Fighter II mwaka 1991, lakini kwetu gemu ilifika nyuma ya filamu, wakati PlayStation za kulipia kwa mchezo zilipoingia mjini, nasi tukalalamika kinyume chake: hii gemu mbona haina lori? Mwambie pia kwamba wahakiki waliiponda na bado filamu iliyogharimu takriban dola milioni 35 iliingiza karibu milioni 99. Akianza kuisifu Mortal Kombat ya 1995, mwongezee sambusa. Ni filamu nzuri, ina siku yake.

Lakini Bison akitokea, kaa sawa, na kijana mwambie akae sawa. Yule ni Raul Julia. Alizaliwa San Juan, Puerto Rico, mwaka 1940, akawa mwigizaji mkubwa wa majukwaa ya New York, mtu wa kucheza Shakespeare. Wakati wa kazi hii alikuwa akiugua saratani. Mashavu yake yamebonyea na unaweza kuyaona hata kwenye inchi 21. Alikubali kucheza kwa sababu watoto wake waliipenda gemu. Alifariki tarehe 24 Oktoba 1994, akiwa na miaka 54, miezi miwili kabla ya filamu kutoka, na mwishoni mwake kuna maneno ya kumuaga. Mtazame anavyofanya. Wengine wote wanaigiza kama watu waliopewa nguo za mchezo. Yeye kila neno analitafuna, analigeuza, analitema likiwa na moto. Hapunguzi hata kidogo, kana kwamba wanawe wamekaa mstari wa mbele. Sisi hatukujua lolote kati ya hayo. Tulimzomea kwa moyo wetu wote na kumrushia kokwa za tende. Sasa nikimtazama naona baba anayefanya kazi yake ya mwisho ya kuwafurahisha watoto, na natamani angesikia zile kelele za kibanda cha mabati kando ya Mto Tana.

Zangief mwache asimame. Kuna pahali yule jitu wa Bison, aliyeamini muda wote kwamba yuko upande mwema, anaambiwa na Dee Jay kwamba bosi wao ndiye adui, na kwamba Dee Jay alibaki kwa sababu ya malipo. Jitu linashtuka: kumbe kuna waliokuwa wakilipwa? Zangief wetu tangu utotoni husimama hapo na kuinua mikono. Safari hii alisimama akiwa na kitambi na ndevu za hina, akasema, "Mnaona? Na mimi tajiri wangu ana miezi miwili hajanikumbuka," na Ryu akasikika akicheka kutoka kwenye kopo la sukari, akiwa amechelewa sekunde mbili.

Imebaki habari ya bibi harusi, na nimeiweka nyuma ingawa kwenye kanda inatangulia, kwa sababu inahitaji kutayarishiwa moyo.

Kanda ya abti ilikuwa nakala ya nakala. Mahali fulani katika safari yake, mtu alibonyeza kitufe kisicho chake. Chun-Li ameletwa chumbani kwa Bison, naye anamweleza yeye ni nani. Baba yake alikuwa mkubwa wa kijiji. Bison alipokuja na genge lake, baba aliwakusanya wanakijiji wakasimama na zana walizokuwa nazo mpaka wakamfukuza, na Bison akaamuru apigwe risasi huku mwenyewe anakimbia. Chun-Li amekuwa akimtafuta kwa miaka ishirini. Amemaliza kusema, anasubiri jibu. Bison anafungua mdomo, na hapo hapo mistari inapita kwenye kioo, na tunaona harusi. Mwanamke amekaa kwenye kiti cha mapambo, hina imempanda mpaka viwiko, dhahabu shingoni. Anarekebisha shashi yake begani. Mkono wa mtu asiyeonekana unamlisha kipande cha halwa, naye anakikata nusu kwa meno ili asiharibu rangi ya mdomo. Halafu kama aliyeitwa jina lake, anageuka, anaitazama kamera, anatabasamu. Mistari tena. Tukirudi, Chun-Li yuko hewani, mguu mbele.

Mtafsiri, ambaye kazi yake ni kuongeza, hakutuacha na swali. Alisema: hicho ndicho kijiji cha kina Chun-Li, kabla Bison hajafika. Ilikuwa siku ya harusi. Tukakubali, kwa sababu ilikaa sawasawa. Kila bibi harusi alipotokea tulimpigia vigelegele, wavulana kwa wasichana, na abti hakutunyamazisha. Nilikuwa mtu mzima nilipogundua kwamba hayumo katika filamu.

Basi nunua nakala safi, iliyo halali, yenye picha kama maji. Lakini jua kwamba ndani yake umemwacha bibi harusi, na kwamba alichokuwa amekifunika kwa shashi yake kitasikika.

Jumamosi ile chumba kilijaa. Kwenye benchi la nyuma alikuwepo mzee mmoja, adeer wa Blanka, ndugu wa baba yake, mtu wa Wajir, aliyekuwa ameletwa Garissa kutibiwa macho. Alikuja kwa ajili ya chai. Macho yake hayakuwa yakifika kwenye runinga, kwa hiyo alikuwa akivuta tasbihi na kunisikiliza mimi. Chun-Li wa filamu akamaliza maneno yake. Chumba kizima, watu wa karibu miaka arobaini, wakaanza vigelegele vya kumkaribisha bibi harusi. Hata kwenye kopo la sukari kulikuwa na kigelegele. Picha haikukatika. Bison alibaki pale, mbele yetu, akasema hakumbuki kitu katika hayo yote. Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Akaendelea. Nikaikumbuka sheria ya abti, nikatafsiri:

"Anasema, kwako wewe siku niliyofika kijijini kwenu ilikuwa siku kubwa kuliko zote maishani mwako. Kwangu mimi ilikuwa Jumanne."

Jenereta peke yake ikasikika. Kisha mzee akasema kutoka nyuma, kwa Kiswahili, bila kupandisha sauti:

"Haikuwa Jumanne. Ilikuwa Ijumaa."

Watoto waligeuka kumtazama. Wakubwa hatukugeuka. Tarehe 10 Februari 1984 ilikuwa Ijumaa. Siku hiyo askari waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika vijiji na mabula ya Wajir wakawapeleka uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawaweka juani siku kadhaa bila maji, wakawaua. Serikali kwa miaka mingi ilisema waliokufa ni 57. Walionusurika hawakuacha kusema ni mamia, na ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotoka 2013 iliandika kwamba huenda walikaribia 1,000. Garissa nako kuna ya kwake, Novemba 1980, mtaa wa Bulla Karatasi ulipochomwa na watu wakalazwa kwenye uwanja wa shule. Nyumbani kwetu tarehe hizi hazikutajwa mbele ya watoto. Wazazi walinyamaza, wakatupa shilingi tano twende vidio.

Likitokea kwako la namna hii, usisimamishe filamu. Usiwashe taa, na mtafsiri asiombe radhi. Chun-Li wetu, muuguzi, aliinuka na birika, akammiminia mzee chai ya maziwa, akaongeza sukari bila kuuliza, kisha akakaa kando yake kwenye benchi.

Mzee alishika kikombe kwa mikono miwili. Akaniuliza, "Huyo binti, sasa anamfanya nini?"

"Anampiga, adeer. Anampiga sasa hivi."

"Kwa nini umenyamaza? Endelea," akasema. "Na usiruke kitu."